Nyama ya Maulidi

Mukami hakuja mjini Embu kutafuta maisha. Walikuja wengi kutafuta maisha siku zile za emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na mji uliwapokea au uliwatapika kulingana na kipande cha utambulisho walichobeba mfukoni. Yeye alikuja kwa ajili ya mtu mmoja tu, mchinjaji wa Majengo aliyeitwa Sulemani, na alikuja kummaliza.

Inabidi kuanza na ng'ombe. Serikali ilipoona kwamba watu wa upande wa Kanja wanawapelekea chakula wapiganaji wa msituni, iliwang'oa wote mashambani, kilima kimoja baada ya kingine. Ilichoma nyumba zao, ikawarundika mahali pamoja, ikazungusha handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa. Wakubwa waliita mahali hapo kijiji. Kijiji gani hicho, ambacho mtu hutoka kwa ruhusa na hurudi kwa filimbi? Nyumba zilibanana hadi ukikohoa jirani anakujibu, na huku mashambani nguruwe-mwitu walichimba viazi vya watu mchana kweupe.

Mume wa Mukami alikuwa kizuizini, na habari zake hazikufika tena. Yeye alibaki na mtoto, Nthiga, aliyekuwa ametoka tu kuachishwa ziwa, na ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe shingoni. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomshikilia mtoto. Halafu watu wasiojulikana wakachoma daraja, na faini ikawa mifugo yote ya kilima kile. Hedimani Njuki, mkuu wa kilima aliyewekwa na serikali, akaja na homugadi wake, askari wa kienyeji, wakaswaga ng'ombe wa kila mtu kuelekea mjini. Mukami alimshika Njuki koti akimsihi, naye akamkung'uta kama mtu anayejitoa kupe. Akamwambia kama ana maneno ayafuate mnadani.

Basi akayafuata. Alijitolea kubeba kuni za kambi ya askari ili apate pasi, akashuka hadi Embu na mzigo mgongoni. Alimkuta ng'ombe wake nyuma ya bucha la Sulemani, amefungwa kwenye mti, chuchu zinadondosha maziwa kwa kukosa kukamuliwa. Sulemani alikuwa ananoa kisu. Alikuwa mtu mnene, msafi, kofia nyeupe, sauti ya upole, na upole ule ndio uliokuja kumkaa Mukami rohoni.

"Mzee, ngombe hii ni yangu," Mukami alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtoto nakunywa maziwa yake. Usichinje. Ngoja mimi natafuta kitu nakuletea."

"Mama, huyu nimemnunua mnadani kwa haki yangu," Sulemani akajibu bila kuinua macho. "Aliyekunyang'anya si mimi. Nenda kamlilie yeye."

Akamwangusha ng'ombe, akamwelekeza kibla, akasoma, akachinja. Mukami alisimama pale pale. Alipomaliza kuchuna, Sulemani alikata pande la ini, akalifunga kwa jani la mgomba, akamnyooshea. "Haya basi. Kampikie mtoto."

Na Mukami alilipokea. Njaa haina kiburi, na mtoto alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Alimpikia lile ini, mtoto akalitapika, na kabla mvua za vuli hazijaanza akawa amemzika Nthiga nje ya handaki, homugadi amesimama karibu akimhimiza afanye haraka. Mtu aliyemnyang'anya ng'ombe, Mukami angeweza pengine kumsamehe, maana vita ni vita. Lakini yule aliyemfanya amwambie mtoto wake ale ng'ombe wake mwenyewe, tena kwa sauti ya upole, huyo alimwekea kinyongo cha kaburini.

Njuki aliwahiwa na watu wa msituni, akapotea. Serikali haina shingo ya kukabwa. Alibaki Sulemani.

Siku nyingine ya kupeleka kuni, Mukami hakurudi na wenzake. Alikaa nyuma ya msikiti wa Majengo, mgongo ukutani, bila kujua aanzie wapi. Hapo ndipo Mwanatatu alipomkuta. Mwanatatu alikuwa mwanamke mzee, mpishi wa mahamri, ambaye ujana wake ulianzia huko Ukambani na kuishia Majengo kwa njia ambazo hakupenda kuzisimulia. Hakuwa na mtoto. Alimtazama yule mwanamke aliyekondeana, vumbi hadi nyusi, akamuuliza kama amekula. Mukami akasema hajala.

"Basi inuka. Mtu hawezi kufikiri akiwa na tumbo tupu."

Mwanatatu alimlisha, akamwogesha kama mtoto mchanga, akamvika leso zake. Baada ya muda alimpeleka kwa Mwalimu Idrisi wa madrasa, Mukami akasilimu, akapewa jina la Hidaya. Mwanatatu ndiye aliyekwenda mwenyewe ofisini kusema huyu ni binti yangu, mwandikeni. Jina la Kiislamu wakati ule lilikuwa nusu ya pasi, kwa kuwa wakubwa waliamini Waislamu wa mjini hawali kiapo cha watu wa msituni. Mwanatatu alisema uongo kwa serikali kwa ajili yake bila hata kupepesa macho. Siku Mukami akirudi kutoka mtoni amechoka, mzee humsugua miguu kwa mafuta ya nazi, akimwita mwanangu.

Mukami alimpenda. Lazima hilo lijulikane mapema. Lakini mapenzi yalikaa upande mmoja wa moyo na kisasi upande wa pili, na hivyo viwili havikuwa vimewahi kukutana vikasalimiana.

Mji nao ulikuwa unanenepa. Kadiri vilima vilivyokonda ndivyo Embu ilivyotoa kitambi: kambi mpya, mahema, ofisi, malori usiku na mchana, maaskari wa kulisha, makarani wa kulisha, mahabusu wa kulisha. Ng'ombe waliotozwa huko Kanja na kwingineko waliishia kwenye ndoana za Sulemani. Alipata kazi ya kupeleka nyama kambini, akaezeka mabati mapya, akanunua baiskeli. Ikasemekana atapewa kiwanja kwenye ule mtaa mpya wa maduka ya mawe ambao Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa anaupima kwa kamba. Watu wakaanza kumpisha njiani. Mukami alihesabu neema zile zote kama mtu anayemlisha mbuzi wa kuchinja, akaona acha anone.

Akaomba kazi kwake, ya kupika supu ya makongoro mbele ya bucha. Sulemani akamtazama usoni, akamwambia karibu, binti. Hakumkumbuka. Alikuwa amemchinjia ng'ombe mbele ya macho yake, na hakumkumbuka hata chembe. Mukami aliinamisha kichwa akashukuru kwa adabu.

Alikaa pale akichochea supu na kutafuta. Alitafuta mizani iliyochezewa, akakuta mizani ni sawa. Alitafuta mwanamke wa pembeni, hakupata. Sulemani aliswali, alifunga, alitoa sadaka. Kuna siku Mukami alikata tamaa kabisa akaona mtu huyu amejipaka mafuta, hashikiki. Kisha yakaja Maulidi.

Majengo ilikuwa imepanga Maulidi makubwa, ya kuonyesha kwamba Waislamu wa Embu ni watu wa kuhesabiwa katika mji huu mpya. Sulemani alisimama msikitini akaahidi ng'ombe dume wa pilau. Wazee wakamwombea dua, na ikanong'onwa kwamba siku hiyo hiyo atatangazwa kuwa msimamizi wa msikiti. Dume akaletwa kutoka Ishiara na Burale, mfanyabiashara wa Kisomali, akatembezwa juani hadi akafika ulimi uko nje. Siku iliyofuata barabara ikafungwa kwa msako. Hakuna ng'ombe mwingine aliyeruhusiwa kupita.

Alfajiri ya siku ya Maulidi, Mukami alifika machinjioni kuchukua kuni. Kulikuwa kumeshapambazuka. Akiwa nyuma ya rundo la kuni alimwona Sulemani amechuchumaa kando ya yule dume. Dume alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, inzi wanatembea juu ya jicho na jicho halipepesi. Sulemani alimsukuma kwa goti. Akamfinya pua. Akashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili akakaa hivyo kitambo.

Kisha akatazama kushoto na kulia, akachukua kisu, akasoma Bismillahi kwa sauti kubwa ya kusikika na majirani, akakipitisha kisu shingoni mwa mzoga.

Damu haikuruka. Ilitoka kidogo, nzito, kama uji uliopoa. Mfereji wa kupitisha damu ulibaki mkavu.

Asiyewajua watu wa Majengo hawezi kuelewa Mukami alishika nini mkononi asubuhi ile. Mchinjaji akiiba, watasema ni binadamu. Akilewa, watamshauri. Lakini mchinjaji anayelisha Waislamu kibudu, nyama ya mnyama aliyejifia, huyo hana pa kuweka uso. Shingo ya mnyama wanamwachia yeye kwa sababu wanamwachia na dini yao. Kosa lile halina faini. Mukami aliegemea kuni zile, akajiziba mdomo asicheke kwa furaha.

Angeweza kupiga kelele pale pale. Alilifikiria hilo, na akalikataa. Akipiga kelele sasa, Sulemani atasema samahani jamani, nilifadhaika. Nyama itatupwa kwa mbwa, watu watakula wali mtupu, na baada ya Ijumaa mbili tatu watamwonea huruma. Yeye hakutaka Sulemani aonewe huruma. Alitaka nyama ile iingie kwanza matumboni mwa watu. Mtu husamehe alichoambiwa, alichokula hasamehe. Yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Kwa hiyo alibeba kuni zake akaenda kupika.

Wanawake walijaa uani kwa Mwanatatu, masufuria makubwa juu ya mafiga, wengine wanamenya vitunguu, wengine wanachagua mchele. Nyama ilipoletwa, mmoja wao aliigeuza akasema mbona imekaa nyeusi hivi.

"Ng'ombe wa Ishiara," Mukami akasema. "Wamekula jua na vumbi. Ongeza bizari."

Wakaongeza. Akaikaanga kwa mkono wake, akatia iliki, akatia mdalasini, na harufu ikapanda hadi msikitini. Hakuonja chumvi. Alimwomba mwenzake amwonjee.

Adhuhuri watu wakakaa, wanaume mkekani mbele ya msikiti, wanawake uani, pazia la leso katikati. Mwanatatu, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa wa kwanza kupakuliwa. Mukami alisimama mbele yake na sahani. Hapo, kwa mara ya kwanza, pande mbili za moyo wake zilikutana. Angeweza kujikwaa, sahani ikamwagika. Angeweza kumnong'oneza neno moja tu sikioni. Lakini mzee yule hakujua kuficha jambo. Angeweka mkono chini, wanawake wote wangeuliza kulikoni, na wanaume wangesikia kabla ya kula. Sulemani angeponyoka.

"Karibu, mama," Mukami akasema, akaiweka sahani mapajani mwake.

"Na wewe mbona huli, mwanangu?"

"Tumbo linanisumbua tangu jana."

"Pole. Nitakuchemshia tangawizi baadaye," Mwanatatu akasema, akasoma Bismillahi, akala. Alikula vizuri siku ile. Alisema hajala pilau tamu kama ile tangu aolewe, wenzake wakamcheka.

Baada ya kula na kusoma kasida, Mwalimu Idrisi alisimama. Alimsifu Sulemani, akasema mtu huyu ameutoa Uislamu wa Embu kwenye vibanda na anaupeleka kwenye mtaa wa mawe. Akasema wazee wameafikiana kumpa usimamizi wa msikiti. Sulemani aliinuka taratibu, mkono kifuani, macho chini kwa unyenyekevu. Mukami alilivuta pazia la leso, akapita, akasimama mbele ya wanaume.

"Mwalimu, nina neno. Mnyama tuliyekula ni kibudu. Alikufa alfajiri kabla ya kisu. Nilikuwepo."

Mwalimu Idrisi alimwambia kwa ukali kwamba anayemsingizia Mwislamu jambo kama hilo anajitafutia moto.

"Machinjio yako hapo nyuma," Mukami akasema. "Nendeni mkautazame mfereji. Ng'ombe mzima huujaza hadi unamwagika. Mkiona damu humo, nipigeni mawe."

Wazee watatu wakaenda. Sulemani hakuenda nao. Alibaki amesimama, jasho linamtiririka kwenye masikio, na watu walipomwona hivyo wakaanza kusogea mbali naye hata kabla ya wazee kurudi. Walirudi. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine alikuwa ametia kidole kooni na anatapika njiani.

"Alikuwa na roho bado," Sulemani akasema. "Kidogo. Wallahi nilidhani anapumua."

"Ulidhani," Mwalimu Idrisi akarudia.

Hakuna aliyempiga. Wangempiga pengine ingekuwa nafuu. Walimgeuzia migongo mmoja mmoja, huku uani wanawake wakilia na kusukutua vinywa. Mwalimu alipaza sauti akasema aliyekula bila kujua hana dhambi, dhambi iko kwa aliyejua. Aliirudia mara kadhaa ili watu watulie. Mukami aliisikia lakini haikumwingia. Alikuwa anamtazama Sulemani, anashiba.

Sulemani alimfuata kando ya ukuta, kofia mkononi. "Binti, nimekukosea nini mimi?"

Siku hii ndiyo aliyoisubiri. Alimwambia yote, neno kwa neno: ng'ombe mweusi, baka jeupe, maziwa yanayodondoka, ini katika jani la mgomba, mtoto. Alimwambia kwa Kiswahili safi cha Majengo alichojifunza kwa ajili ya saa ile. Sulemani alikunja uso, akijitahidi kwa dhati.

"Kutoka Kanja?" akasema mwishowe. "Walikuwa wengi, binti. Wengi sana. Simkumbuki."

Mukami alimtemea mate miguuni akaondoka.

Wiki ile bucha lilifungwa. Kambi ikatafuta mtu mwingine, kiwanja cha mtaa wa mawe kikaenda kwa mwingine, na Sulemani akapakia vitu vyake kwenye lori la kwenda Meru, asijulikane aliishia huko au mbele zaidi, Maua. Mukami alisimama barabarani akaliangalia lori lile hadi vumbi likatua. Alikuwa amefanya alichokijia. Hakujuta wakati ule, na kuhusu Sulemani hakuja kujuta kamwe.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile ya Maulidi, alipoingia nyumbani, alimkuta Mwanatatu ameketi kizingitini, birika la maji kando yake, macho mekundu kwa kutapika. Mukami akapiga magoti amshike mgongo. Mzee akausukuma mkono wake, si kwa nguvu.

"Wewe hukula."

"Tumbo, mama."

"Hukuwa na tumbo. Uliona alfajiri, ukaja hapa, ukapika."

Mukami akaanza kumweleza, akaanzia kwa Nthiga, jina ambalo hakuwahi kulitamka katika nyumba ile. Alieleza akilia, maneno ya Kiembu yanachanganyika na Kiswahili. Mwanatatu alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalimtoka na yeye, na hakuyafuta.

"Ungeniambia habari za mtoto," akasema. "Ningekwenda nawe pale machinjioni asubuhi, tukampigia kelele pamoja. Ningempiga kwa mwiko mbele ya watu."

"Wangemsamehe, mama."

"Wangemsamehe. Na mimi je? Sulemani alinidanganya akiwa mbali, hata hakunifikiria. Wewe ulisimama mbele yangu, ukaniambia karibu."

Hakumfukuza. Watu wengine wangemfukuza, na Mukami angejua la kufanya. Mwanatatu aliendelea kumwita mwanangu, aliendelea kumwandikisha ofisini kila kipande kilipoisha muda wake, na Mukami alipougua malaria alimkesha. Lakini asubuhi iliyofuata Maulidi alipanga mafiga mengine matatu upande wa pili wa uani, akanunua sufuria ndogo ya mtu mmoja. Mukami alipika kila siku, akaweka sahani, akasema karibu mama. Mzee alijibu ahsante, akaenda kupuliza moto wake mwenyewe. Ilikuwa hivyo hadi emajensi ikaisha na watu wa Kanja wakaruhusiwa kurudi mashambani, na Mukami hakurudi nao. Alibaki Majengo akipika chakula cha watu wawili.